Mzigo wa Mwenye Kupendwa

Binadamu hakuumbwa aishi peke yake. Huzaliwa mikononi mwa watu, hulelewa na watu, na siku ya mwisho huchukuliwa na watu mabegani. Baina ya siku hizo mbili hapana hata moja ambayo aweza kusema kwa haki kuwa hakumhitaji mtu. Jambo hili li wazi, wala halina mbishi. Walakini kando yake liko jambo jingine lisilokuwa wazi, nalo ni hili: mtu aliyezungukwa na watu wampendao akipatwa na taabu ya moyo, je, wajibu wake ni kuwaambia, au ni kuwaficha ili wasiumie? Akisema, huwatwisha mzigo watu waliokwisha kuchoka kwa ajili yake. Akinyamaza, hubeba peke yake mzigo ambao pengine utamvunja. Wenye kusema na wenye kunyamaza hudai wote kuwa watenda hivyo kwa upendo. Na kwa kuwa upendo mmoja hauwezi kuamuru mambo mawili yanayopingana, yafaa dai hilo lipimwe.

Swali hili ni la kila taifa. Liko mahali, hata hivyo, ambapo laonekana wazi kuliko pengi, nako ni katika vyuo vikuu vya Marekani, miongoni mwa wanafunzi wa asili ya Amerika ya Kilatini. Watu wa asili hiyo si kabila moja wala hawakuingia katika nchi ile kwa mlango mmoja. Baadhi yao hawakuvuka mpaka wowote: mpaka ndio uliowavuka wao, mwaka 1848, vita vya Meksiko na Marekani vilipokwisha kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Watu wa Puerto Rico walipewa uraia wa Marekani mwaka 1917. Wakuba wengi walikimbilia huko baada ya mapinduzi ya mwaka 1959. Wengine wametoka Guatemala, El Salvador, Honduras, Jamhuri ya Dominika na Kolombia, kwa sababu ya vita, au njaa, au tamaa njema ya kuwapa watoto maisha mema kuliko yao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 jumla yao ilikuwa milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa nchi nzima.

Hata jina lao lina mashindano. Katika Kihispania mwanamume huitwa Latino na mwanamke huitwa Latina, na kundi lenye wote hubeba jina la kiume. Mwanzoni mwa karne ya 21 lilizuka neno Latinx, hasa vyuoni, ili pasiwe na mtu aliyeachwa nje ya jina. Uchunguzi wa Pew Research Center uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa watu wazima 3 tu katika kila 100 wa asili hiyo hujiita kwa neno hilo, na kwamba walio wengi hawajapata kulisikia. Msemaji wa Kiswahili, ambaye katika lugha yake mwanafunzi aweza kuwa mume au mke bila ya kubadili herufi moja, huenda akastaajabia mashindano haya. Walakini yana fundisho. Yaonyesha kuwa kijana aweza kuitwa chuoni kwa jina ambalo mama yake nyumbani halijui. Mwendo kati ya nyumba na chuo haupimwi kwa maili peke yake.

Nguvu kubwa ya watu hawa, kwa ushahidi wao wenyewe na wa wataalamu, ni jamaa. Kihispania kina neno familismo, ambalo maana yake ni ile tabia ya kuiweka jamaa mbele ya nafsi: kuisaidia, kuitegemea, na kuitazama kama kioo cha mwenendo. Mwaka 1987 Fabio Sabogal na wenzake walitoa uchunguzi uliozigawa sehemu hizo tatu na kuuliza ni ipi hupungua watu wanapokaa Marekani na kuzizoea desturi zake. Waliona kuwa wajibu wa kuisaidia jamaa hupungua, na desturi ya kuifanya jamaa kuwa kioo hupungua pia. Lakini imani kuwa jamaa ipo na itasaidia siku ya haja haikupungua. Basi mtoto wa wahamiaji aweza kusahau nyimbo za babu yake, akavaa na kula kama wenyeji, na bado akalala usiku akiamini kuwa nyuma yake pana watu. Hiyo ni mali ambayo matajiri wengi hawanayo.

Thamani ya mali hiyo imepimwa na elimu. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi mjini Montreal, aliandika katika gazeti la Nature kuwa mwili wa mnyama hujibu kwa namna moja mashambulio ya namna nyingi, yawe ya baridi, ya jeraha au ya sumu. Kutoka hapo elimu ya dhiki ilikua. Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza kuwa dhiki ya mwanadamu haitokani na uzito wa mzigo peke yake, bali hutokana na hesabu aifanyayo mtu baina ya mzigo na uwezo alionao. Mwaka uliofuata, 1985, Sheldon Cohen na Thomas Wills walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi wakasema kuwa msaada wa watu hufaa kwa njia mbili. Kuwa miongoni mwa watu ni faida siku zote, kama chakula. Na siku ya shida msaada huwa ngao inayozuia pigo lisifike moyoni. Ngao hiyo hufanywa zaidi na imani ya mtu kuwa msaada upo akiuhitaji, kuliko na wingi wa misaada aliyokwisha kuipokea. Mtu mwenye mlango wa kugonga hulala usingizi hata usiku asiougonga.

Ikiwa mambo ni hivyo, ingetazamiwa kuwa mwanafunzi wa Kilatino, mwenye jamaa kubwa iliyoshikamana, awe na ngao kuliko wanafunzi wote. Na wengi wanayo. Lakini wapo wengine, si wachache, ambao wana jamaa, wana upendo, wana sala za bibi na salamu za wajomba, na hata hivyo huumia peke yao kama watu wasiokuwa na kwao. Jambo hili laonekana kama kitendawili, na mwenye kutaka kukitegua hana budi kuutazama mlango wenyewe.

Na afikiriwe binti mmoja, asiyekuwa mtu maalumu bali mfano wa wengi. Wazazi wake walitoka Meksiko, nao wanakaa karibu na Fresno, katika bonde kubwa la California lilishalo nchi nzima matunda na mboga. Baba huchuma machungwa; mama hufanya kazi katika ghala la kupangia matunda. Tangu umri wa miaka minane binti huyu amekuwa mkalimani wa nyumba: amesimama baina ya mama na daktari, baina ya baba na karani, akitafsiri maneno ambayo mengine hayakufaa kupita katika kinywa cha mtoto. Alipokuwa na miaka 17 alijaza mwenyewe karatasi za kuomba msaada wa ada, akaandika kwa mkono wake jumla ya mapato ya wazazi kwa mwaka. Siku hiyo aliujua umaskini wao kwa tarakimu. Alipokubaliwa chuoni, jamaa walifanya karamu. Mjomba alichinja mbuzi, na picha yake ikatundikwa ukutani karibu na picha ya Bikira.

Chuoni alishindwa katika mtihani wa kwanza wa kemia. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwamba hakuweza kulisema. Jioni alikuwa na kazi ya kupanga vitabu katika maktaba, usiku alisoma, alfajiri alikuwa macho akiyatazama mapaa. Chakula kilimshinda. Darasani alianza kuamini kuwa kila mtu amegundua kuwa alikubaliwa kwa makosa. Jumapili simu ilipolia, mama aliuliza, "Umekula, mija?", yaani mwanangu, naye alijibu, "Nimekula, mamá. Kila kitu chema." Kisha yeye akauliza, "Na baba?" Mama akajibu, "Mzima. Yuko kazini." Wakaagana kwa baraka. Mazungumzo haya yalirudiwa Jumapili baada ya Jumapili, mafupi na matamu.

Yafaa kwanza hoja za ukimya wake zisikilizwe kwa haki, kwani si hoja za mjinga. Ya kwanza ni huruma. Mama huyu husimama kwa miguu saa 10 kila siku; hana elimu ya kemia, wala fedha, wala gari la kuaminika. Akiambiwa, ataweza nini ila kulia? Kumpa mtu habari ya maumivu asiyoweza kuyaondoa ni kuyafanya maumivu kuwa mawili. Ya pili ni heshima. Watu wazima wamevuka jangwa na mipaka. Wameinama juani miaka 20. Na mtoto aliyekaa kivulini mbele ya kitabu aseme amechoka? Ya tatu ni deni. Mwaka 2015 Rebecca Covarrubias na Stephanie Fryberg walichunguza jambo waliloliita hatia ya kufaulu kuliko jamaa, wakaliona kwa wingi zaidi kwa wanafunzi wa kwanza wa nyumba zao kufika chuoni. Mwanafunzi huona kuwa amepata neema ambayo wazazi na ndugu zake hawakuipata, na neema hiyo humlemea kama kitu kilichoibwa.

Hoja hizi zina mtetezi mkubwa. Aristotle, katika kitabu cha tisa cha maadili yake kwa Nicomachus, aliuliza kama marafiki huhitajiwa zaidi katika raha au katika dhiki. Alikiri kuwa kumwona rafiki ni tamu na hupunguza huzuni. Hata hivyo alisema kuwa mtu mwenye tabia imara hujihadhari asiwahuzunishe wenziwe kwa huzuni yake. Na kwamba yafaa kuwaalika marafiki upesi katika furaha, na kwa kusitasita katika shida. Binti wa Fresno hajasoma kitabu hicho, lakini anakitii. Jumapili humpa mama furaha zake zote, na shida zake huzifungia chumbani.

Lakini yako mambo mawili ambayo hoja hizo hazikuyahesabu. La kwanza latokana na yale yaliyokwisha kuelezwa juu ya ngao. Ikiwa ngao hufanywa na imani kuwa msaada upo, basi kila mara mtu asemapo "kila kitu chema" hali si chema, huitoboa ngao hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya Jumapili kumi za namna hiyo, binti anapendwa na mama yake, lakini moyo humwambia kuwa anayependwa si yeye: ni yule msichana wa kwenye simu, anayekula, anayelala na anayefaulu. Sifa apewazo hazimfikii, kwani amemtuma mwingine azipokee. Hivi ndivyo mtu awezavyo kuwa na jamaa kubwa na kuwa mpweke. Mlango upo, lakini yeye mwenyewe amejifunza kuwa si wake kuugonga.

La pili lilimjia binti mwenyewe, wala halikutoka kitabuni. Mwezi wa Desemba alikwenda nyumbani kwa likizo akamkuta baba yake akitembea huku ameinama, mkono mmoja kiunoni. Mwezi wa Novemba alikuwa ameanguka kutoka ngazini akichuma machungwa. Majuma matano hakufanya kazi. Majuma yale matano, kila Jumapili, mama alisema, "Mzima. Yuko kazini." Binti alisimama jikoni akatetemeka kwa hasira. "Kwa nini hamkuniambia? Mimi si mtoto wenu?" Mama akajibu kwa upole, "Ulikuwa na mitihani, mija."

Katika hasira ile mna jibu la swali. Hakukasirika kwa kuwa baba ameumia, hilo lilimsikitisha. Alikasirika kwa kuwa amenyimwa haki yake ya kusikitika kwa wakati wake. Walimkinga na huzuni, naye aliona kuwa wamemkinga na undugu. Angeweza kufanya nini, mbali hivyo? Hangeweza kuliponya tege la mgongo, wala kulipa kodi ya nyumba. Hata hivyo aliona wazi, bila ya mwalimu, kuwa kutoweza kuondoa maumivu hakumwondolei mtu haki ya kuyajua. Basi ikiwa hoja ya "mama ataweza nini ila kulia" haikuwa hoja mama alipoitumia juu ya bintiye, haiwezi kuwa hoja binti anapoitumia juu ya mama. Mizani iliyompimia mmoja na impimie mwingine. Kila mmoja katika nyumba ile alitaka kuwa mbebaji, na hapana aliyekubali kubebwa. Na nyumba ya namna hiyo hujaa wema, na kila mtu ndani yake akawa na upweke wake.

Aristotle naye, katika mlango ule ule, aliongeza neno ambalo wasomaji wa haraka huliruka. Baada ya kumshauri mwenye shida asite kuwaita wenzake, alimwamuru rafiki aende kwa mwenye shida bila ya kuitwa. Ushauri wa kwanza hauwezi kusimama pasipo wa pili. Palipo na watu wawezao kuja bila ya kuitwa, mtu aweza kusitasita kuita. Lakini mtu aliyeko mbali, ambaye habari zake hufika kwa simu tu, na simu hiyo husema uongo, nani atajua kuwa yafaa aende? Mwenye kuficha hali yake huwanyang'anya wampendao hata nafasi ya kuwa wema.

Hata hivyo haifai kugeuka upesi na kusema kuwa kila siri ni kosa. Zipo nyumba ambazo ukimya ni boma lao. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler na Doe, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa watoto wasiokuwa na hati za ukaazi wasifungiwe milango ya shule za umma. Lakini uamuzi huo haukugusa vyuo vikuu. Mwaka 2012 serikali ilitangaza mpango uitwao DACA, uliowalinda kwa muda vijana walioletwa nchini wakiwa watoto wasifukuzwe. Mwaka 2017 serikali nyingine ilitangaza kuufuta, na mwaka 2020 Mahakama Kuu iliuzuia ufutaji ule. Katika miaka hiyo vijana wengi walisoma huku hatima yao ikipigwa kama mpira baina ya majaji na mawaziri. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hufunzwa mapema kuwa neno moja kwa mgeni laweza kumpoteza baba. Ukimya wake si kiburi wala aibu, ni ulinzi. Anayemhimiza afungue moyo wake hana budi kwanza kumhakikishia nani anasikiliza.

Vilevile kuna tofauti baina ya kusema kwa wapendwa na kusema juu ya wapendwa. Richard Rodriguez, aliyezaliwa mwaka 1944 kwa wazazi kutoka Meksiko, alieleza katika kitabu chake Hunger of Memory, kilichotoka mwaka 1982, jinsi shule ilivyompa lugha ya ulimwengu na kumwondolea mazungumzo ya nyumbani. Katika kitabu hicho amesimulia pia kuwa mama yake alimwandikia barua kumwomba asiandike tena habari za jamaa. Aliandika. Wasomaji wengi wamenufaika. Lakini ombi la mama nalo lina haki yake. Mambo ya sebuleni aliyaambia ulimwengu, na wenye sebule wakayapata kwa kuyasoma. Basi si kila kusema ni kufungua moyo kwa wapendwa. Kuna kusema ambako nako ni namna ya kuhama.

Je, aliyelemewa aseme na nani? Walatino wana methali isemayo kuwa nguo chafu hufuliwa nyumbani, na kwa sababu yake wengi huona kumwendea mshauri wa chuo, ambaye ni mtu wa mbali, kuwa ni kuianika nyumba barabarani. Waswahili nao wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizi mbili hazigombani kama zionekanavyo. Ya kwanza yafundisha mahali pa kufulia. Haikusema nguo zisifuliwe. Ikiwa nyumbani hapana maji, wala si kosa la nyumba kuwa hapana, ni wazimu kuivaa nguo chafu mpaka ioze mwilini ili tu isionekane na jirani. Ugonjwa wa moyo ukizidi, ukaondoa usingizi, ukala mwili, ukamletea mtu fikira za kuyakatisha maisha yake, haja yake ni tabibu kama mkono uliovunjika. Na hapana mama, akijua, ambaye angechagua heshima ya nyumba kuliko uhai wa mtoto.

Baina ya nyumba na tabibu uko mlango wa tatu, nao ni wenzi wa mzigo mmoja. Sonia Sotomayor, aliyelelewa Bronx na wazazi kutoka Puerto Rico, akafiwa na baba alipokuwa na miaka tisa, aliingia chuo kikuu cha Princeton mwaka 1972. Baadaye alieleza jinsi alivyojiona mgeni kabisa mahali pale. Alijiunga na chama cha wanafunzi wa asili yake, Acción Puertorriqueña, akamaliza mwaka 1976 kwa daraja ya juu kabisa, na mwaka 2009 akawa jaji wa Mahakama Kuu. Cheo chake si hoja hapa, maana wengi hupita njia hiyo hiyo wasiwe majaji. Hoja ni kwamba alipata mahali ambapo hakulazimika kueleza kwanza yeye ni nani. Vyama vya namna hiyo havikuota vyenyewe. Vilitokana na watu waliodai, kama wanafunzi walioacha madarasa Los Angeles ya Mashariki mwezi wa Machi 1968, na wale waliokutana Santa Barbara mwaka 1969 kuandika mpango wa kuwafungulia vijana wao njia ya elimu ya juu.

Hapo wajibu wa chuo waonekana. Ni rahisi kumhubiria mwanafunzi aseme, na chuo chenyewe kikawa hakina masikio. Mwaka 2012 Nicole Stephens na wenzake walionyesha kuwa vyuo vingi vya Marekani huwataka vijana wajitegemee, wafuate njia zao, wajitenge. Na kwamba lugha hiyo huwadhuru wale waliokuja kusoma kwa ajili ya jamaa zao. Katika jaribio moja wanafunzi walipewa barua ya kuwakaribisha chuoni. Barua iliposifu kujitegemea, watoto wa wazazi wasiopata elimu ya juu walikuwa nyuma ya wenzao katika kazi waliyopewa. Iliposifu kushirikiana na kuwa sehemu ya jumuiya, tofauti ile ilitoweka. Akili zao hazikubadilika. Kilichobadilika ni karatasi moja. Chuo kinachomwambia kijana achague baina ya nafsi yake na jamaa yake kimemuuliza swali ambalo kwao halina maana, kisha humhesabia ukimya wake kuwa ni udhaifu.

Mwenye kusaidia naye ana adabu yake. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa uwakili wa jimbo la New York, pamoja na wenzi wao. Kila siku mmoja aliandika msaada alioupokea na mwingine msaada alioutoa. Ilionekana kuwa msaada uliofaa zaidi ni ule ambao mtoaji aliuandika na mpokeaji hakuuona: chakula kilichowekwa mezani bila ya hotuba, kelele iliyonyamazishwa, kazi ya nyumba iliyofanywa kimya. Msaada unaojitangaza humkumbusha mtu kuwa ameshindwa, na humwongezea deni. Kwa hiyo mzazi anayesema kila siku, "Tumejinyima kwa ajili yako," husema kweli, lakini kweli hiyo huufunga mlango. Atakayetaka mtoto amwambie shida zake na ampe kwanza ruhusa ya kuwa nazo.

Na deni? Deni la kulelewa halilipwi kwa kuficha machozi. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2015 hatia ya wanafunzi ilipungua walipokumbuka siku waliyoisaidia jamaa yao. Moyo wa deni hutulizwa kwa kutoa, na ukweli ni moja ya vitu vichache ambavyo hata maskini aweza kuvitoa. Binti akimwambia mama yake hali yake, hampi mzigo mtupu. Humpa imani, humwambia kuwa bado ni mama, hata katika mambo ya kemia asiyoyajua. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumlaumu mtu anayeyadharau mateso ya mwenziwe. Yaweza pia kumwonya mwenye mzigo: asipousema, watu wampendao watauona usufi siku zote, wala halitakuwa kosa lao.

Kipimo basi chaweza kusemwa kwa maneno machache. Siri inayomlinda mwingine na hatari ya kweli ni haki. Siri inayomchelewesha mwingine kwa siku moja au mbili, mpaka mwenye nayo apate nguvu ya kuisema, ni busara. Lakini siri inayodumu mpaka mtu akawa mgeni kwa wampendao si upendo tena, hata ikiwa ilizaliwa na upendo; nayo huwadhuru wote wawili, mwenye kuificha na mwenye kufichwa.

Jumapili ya kwanza aliporudi chuoni simu ililia tena. "Umekula, mija?" Binti alinyamaza kidogo. "Sikula vizuri, mamá. Wala silali. Nilishindwa mtihani tangu Oktoba." Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda. Kisha mama akasema, "Baba yako naye halali. Mgongo." Hapana aliyemwondolea mwenzake kitu usiku ule. Mtihani ulibaki umeshindwa, na mgongo ulibaki na maumivu. Lakini walizungumza kwa saa nzima, na Jumatatu asubuhi binti alikwenda kumtafuta mwalimu wa kemia.